Mkono wa Nyongeza

Kuna asubuhi za kipupwe ambazo Moshi haijui kama imeamka au bado inaota. Ukungu hushuka kutoka mlimani polepole, hupita juu ya migomba ya Old Moshi, huingia mjini bila kupiga hodi, na ukifika kwenye uwanja mdogo wa ndege pale chini huwa umechoka, hujilaza kwenye nyasi na kukaa. Mektrida alizipenda asubuhi hizo kuliko zote. Alikuwa fundi wa ndege, na ndani ya ukungu hata ndege iliyosimama mbele yako huonekana kama kitu unachokifikiria tu.

Karakana aliyofanyia kazi ilikuwa ya kampuni ndogo yenye ndege mbili. Zilitoka kiwanda kimoja, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo mafundi wakaziita Kulwa na Doto kama mapacha, na tangu siku hiyo hakuna aliyezitaja tena kama vitu. Mgeni angeapa kwamba hazina tofauti: mabawa yale yale, rangi ile ile, viti vile vile. Waliowafahamu walijua vingine. Kulwa akiwa hewani alivuta kushoto kidogo, na mlango wake wa nyuma haukukubali kufunga mpaka usukumwe kwa goti. Doto alichelewa kupata joto, alikunywa mafuta kuliko pacha wake, na asubuhi za baridi alikohoa kama mzee aliyelala karibu na moshi wa jikoni.

"Hakuna kiwanda kinachotoa vitu viwili sawasawa," fundi mkuu Hosea alizoea kusema. "Kinatoa vinavyokaribiana, basi." Hosea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mtoto wa mkata miwa aliyetoka Kigoma kuja kwenye mashamba ya sukari na asirudi tena. Miaka yote alijaribu kuongea Kichagga, na miaka yote alichekwa.

Mektrida hakuhitaji kushawishiwa juu ya viwanda, maana nyumbani kwao ilikuwa hivyo hivyo. Mama Hilaria wa Kwa Sadala aliwazaa yeye na Violet kwa baba mmoja, akawalisha mtori wa chungu kimoja, akawapeleka kwa masista wale wale, na tazama kilichotokea. Mektrida alipata mikono mipana na maneno machache. Violet, mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yuko sokoni, alitoka mwepesi, mcheshi, asiyejua kukaa mahali. Akawa rubani. Ndege aliyopangiwa mara nyingi ni Kulwa, na kila alipopaa Mektrida alihisi mgongo wake umekuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, kama mtu aliyemshusha mtoto akasahau alipomweka.

Sasa niseme kidogo kuhusu soko, maana bila soko hutamwelewa mwanamke huyu. Kwa Sadala maharage hupimwa kwa sado, kile kikopo cha rangi kilichomaliza kazi yake ukutani kikapewa nyingine. Mama Hilaria alijaza sado mpaka ikafurika, akasawazisha kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko wa mteja. Kwa haki biashara ilikuwa imekwisha hapo. Lakini mteja hakufunga mfuko. Alisimama akitazama pembeni, kana kwamba amesahau njia ya kwao, mpaka mama achote kiganja kimoja zaidi na kukitupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Bila nyongeza umeuza, ni kweli, lakini hujamtendea mtu wema, na sifa zako zitafika Machame kabla ya wewe kufunga meza. Wapo wanaosema Mchagga hatoi cha bure. Hao hawajawahi kununua maharage kwa Mama Hilaria. Mteja aliyempenda alimwongezea viganja viwili, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimwongezea mpaka yeye mwenyewe akajicheka.

Mektrida alikulia pembeni ya sado hiyo. Kipimo kilimwingia mkononi kabla hakijamwingia kichwani, na kile kiganja cha juu kiliingia pamoja nacho.

Mafundi wa ndege wana spana ya kipimo. Unaitega kwenye nguvu iliyoamriwa na waliotengeneza ndege, unakaza bolti, na nguvu ile ikifika spana inalia, tik. Ukisikia tik unaondoa mkono. Ni jambo la siku za kwanza chuoni, halina falsafa. Mektrida aliisikia tik kila mara, na kila mara mkono wake ulibaki pale ukasukuma tena kidogo. Hakuwa mzembe. Hakuwa na kiburi cha kudhani anajua kuliko waliochora. Ungemuuliza angeshangaa, maana hata hakujua kwamba anafanya. Wazembe tunawaona mapema na tunawakemea, lakini mtu anayeipenda kazi yake nani atasimama nyuma yake amchunge?

Asubuhi ninayoisimulia Kulwa aliondoka mapema na wageni wawili, Mzee Valerian na mkewe Bibi Magdalena, wakulima wa kahawa kutoka Old Moshi. Walikuwa wanaadhimisha jubilei ya ndoa, na watoto wao wakachanga ili wazee waruke wauzunguke mlima waliouona maisha yao yote kutoka upande mmoja. Mzee alivaa suti ya kanisani. Bibi alishika rozari na kuuliza kama dirisha linafunguka. Violet akawaamkia, shikamoo baba, shikamoo mama, akawafunga mikanda kwa mikono yake, akausukuma mlango kwa goti, akamkonyeza dada yake. Kulwa akapaa na ukungu ukammeza. Mlio wake ulisikika juu ya mji, kisha juu ya migomba, kisha mahali ambapo huwezi kusema ni wapi.

Mektrida na Hosea wakarudi kwa Doto, ambaye zamu yake ya kufunguliwa ilikuwa imefika. Walishusha propela, wakapanga bolti zake kwenye sinia. Hosea alikuwa na mazoea ya kuchukua nati mpya na kuizungusha kwa vidole kwenye kila bolti kuukuu, kama mtu anayevuta uradi. Nati iliteremka vizuri kwenye ya kwanza, ikateremka kwenye ya pili. Kwenye ya tatu ilifika katikati ikakwama. Akajaribu nati nyingine, nayo ikakwama pale pale. Akaiweka bolti kando ya mpya, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa mlangoni.

"Njoo uone, Mektrida."

Aliona. Bolti ya zamani ilikuwa imerefuka, si sana, pengine unene wa unywele, na chini ya kichwa chake palikuwa pamekonda kidogo kama kiuno.

"Hii imevutwa," Hosea alisema. "Chuma ukikikaza kinavutika kidogo na kinataka kurudi. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoshika propela. Ukikivuta kupita pale, kinakuwa lastiki ya sketi ya zamani. Kipo, lakini hakishiki." Akaishusha. "Propela hizi tulizifunga mpya baada ya masika. Wewe ndiye uliyekaza."

"Ndiyo mimi."

"Spana ililia?"

"Ililia."

"Ikishalia ukafanya nini?"

Mektrida alifungua mdomo kujibu kwamba hakufanya kitu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, na wakati akitafuta maneno aliuona unajisukuma wenyewe, taratibu, kama unaokaza kitu kisichokuwapo. Aliutazama kwa mshangao. Ilikuwa kama kumkuta mtu wa nyumbani mwako kwenye nyumba ya watu.

"Niliongeza kidogo," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui, kaka Hosea. Nyongeza tu."

Hosea alivuta stuli akakaa. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

"Bolti hizi zilitoka kwenye boksi moja," alisema, "lakini hazikuzaliwa sawa. Ipo yenye nguvu za kupitiliza, zipo za kawaida, na ipo moja iliyopita mlangoni mwa kiwanda kwa kujibana. Kwa macho huijui. Hata mimi siijui. Aliyeichora ndege hii alilifahamu hilo. Alifahamu pia kutakuwa na siku ya upepo mbaya, na fundi mwenye homa, na rubani atakayetua kwa kishindo. Akapiga hesabu ya kinachohitajika, halafu juu yake akaacha nafasi, nafasi kubwa ya kutosha. Ile nafasi si yako wala yangu. Ni ya bolti dhaifu kwenye siku mbaya."

"Na mimi nimeila."

"Umeila."

Mektrida alipitisha kidole kwenye kiuno cha ile bolti. "Kwa hiyo nyongeza," alisema mwishowe, "ilikuwa imeshawekwa."

"Kabla hatujaiona hata ndege yenyewe." Hosea alijifuta uso. "Na mimi nina langu. Nilisimama hapa, nikasikia tik, nikageuka nikaenda kunywa chai. Niliona ni wewe, nikaona hakuna haja." Kisha macho yake yakaenda mlangoni, kule kweupe ambako Kulwa alipotelea. "Kulwa naye ulimkaza wewe."

"Ndiyo."

Kuna maneno ambayo mtu huyaona yanakuja kwa mbali na hana pa kujificha. Mektrida aliyaona.

"Kulwa nilimwongezea zaidi," alisema.

"Zaidi? Kwa nini zaidi?"

"Kwa sababu anarushwa na Violet."

Hosea alikuwa ameshasimama. Redio ya upepo, ya kuongea na rubani, ilikuwa ukutani karibu na mlango, na alipoiwasha ilikwaruza kwanza, halafu sauti ya Violet ikaja safi kabisa, kama yuko chumba cha pili. Alikuwa juu ya mawingu, alisema, na Kibo ilikuwa mbele yake nyeupe pe, na mzee alikuwa anamhesabia mkewe mabonde.

"Violet, sikiliza," Hosea alisema. "Punguza nguvu taratibu. Usikate ghafla, usiongeze ghafla. Geuka urudi nyumbani kwa kushuka polepole, kama umebeba mayai."

"Kuna nini?"

Hosea alimtazama Mektrida na kumnyooshea kipaza sauti. Hakumlazimisha. Mektrida akakichukua.

"Violet, ni mimi. Bolti za propela nilizikaza kupita kiasi. Zinaweza zikawa zimechoka. Sijui ngapi, na sijui kiasi gani."

Redio ilikwaruza peke yake kwa muda. Mahali fulani juu ya mawingu mdogo wake alikuwa anayapokea maneno hayo na kuyapanga.

"Nimekupata, dada," Violet alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, "Bibi yuko kwenye rozari. Nitamwambia asiache."

Hakukuwa na kingine cha kufanya. Hilo ndilo baya la kazi yao: mikono yote waliyokuwa nayo haikuweza kufika pale juu. Hosea alibaki redioni. Mektrida alitoka nje, akatembea kwenye nyasi zenye maji mpaka karakana ikafifia nyuma yake, na akasimama katikati ya weupe. Hakuuona mlima, wala mji, wala viatu vyake vizuri. Kengele ya kanisa ililia huko juu kwenye miteremko, ikanyamaza. Jogoo aliwika kama aliyechelewa. Hofu yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuwa na sauti tena, ilikuwa imetulia mwilini mwake kama maji kwenye mtungi.

Alianza kumfikiria yule aliyechora. Hakuwahi kumfikiria kabla. Mahali fulani, katika nchi ambayo yeye hatafika, mtu aliketi mezani na kumkumbuka. Hakumjua jina, hakujua kama kuna Kwa Sadala duniani, lakini alijua kutakuwa na mkono. Mkono uliochoka, au unaoumwa, au unaopenda vibaya. Akasema moyoni, niuachie nafasi. Mektrida alijaribu kuuona uso wake ndani ya ukungu. Mara alikuwa mzee mwenye miwani, mara mwanamke kijana anayechora amesimama huku akimtikisa mtoto mgongoni. Alitaka kumwambia samahani. Alitaka kumwambia, sikujua kwamba umeshatoa.

Halafu akaziona bolti za Kulwa. Sisemi alikuwa macho, wala sisemi alilala. Watu wa miteremko wanaujua ukungu na hawabishani nao. Zilisimama duara kama ukoo uliozunguka chungu cha pombe ya mbege, kila moja na uso wake. Nyingine zilikuwa nene, zimetanua miguu, zinaonekana zitashika hata mlima wenyewe. Nyingine zilikuwa za kawaida, watu wa kazi. Na katikati yao kulikuwa na moja ndogo, iliyopauka, ambayo ilitoka kiwandani kwa bahati na tangu siku hiyo inashika kama wenzake bila kumwambia mtu kwamba inaumia. Huyu ndiye niliyemwongezea, Mektrida aliwaza. Nilimwona hana kitu, nikambebesha. Alijikuta anamsemesha kwa Kichagga, lugha ambayo hakuwahi kuitumia na chuma, akimwomba asimame kidogo tu, asimame mpaka kwenye nyasi, baada ya hapo akae maisha yake yote.

Mgongo wake ukawa mzito. Aliinama bila kujua na kuzungusha mikono nyuma, akaifunga vidole, kama alivyofanya zamani kwenye njia ya mtoni wakati Violet ameshalala na shingo imelegea begani mwake. Aliuhisi uzito ule, na joto lake, na pumzi. Hakuthubutu kuachia mikono. Alifikiri kama ataachia, basi. Ukungu hauna saa, na hakuna anayejua alisimama hivyo kwa muda gani, yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

Mara nyingi alimsikia Kulwa naye hayupo. Ilikuwa lori kwenye barabara ya Arusha, ilikuwa upepo, ilikuwa damu masikioni mwake. Hatimaye mlio ukaja kutoka upande wa mlima, wa chini, wa taratibu, mlio wa mtu anayenyata kwenye nyumba ambayo mtoto amelala. Ukungu ulibadilika rangi mahali pamoja, na Kulwa akatoka humo ameinamia kushoto kidogo kama kawaida yake. Aligusa nyasi mara moja, akagusa tena, akakaa. Propela ilizunguka, ikapungua, ikahesabika mikono yake, ikasimama.

Mektrida aliachia vidole. Vilikuwa vimekufa ganzi.

Wazee walishuka wakiwa na furaha ya watoto. Hakuna aliyewaambia kitu, na Bibi Magdalena alikuwa na hakika kwamba safari ya mlimani ndivyo ilivyo, inaishia pale rubani anapowaomba abiria wasali. Mzee Valerian tu ndiye alikuwa na neno.

"Nimekiona kihamba chetu chote, nyumba na shamba, kutoka juu," alimwambia Mektrida. "Na nimeona jirani yangu Jackson amesogeza masale yaliyopandwa mpakani. Miaka yote nasema, hakuna anayeniamini. Sasa nimeona kwa macho yangu." Akamshika mkono ule wa kulia kwa mikono yake yote miwili. "Aika, mae, asante mama. Naambiwa ninyi ndio mnaoitunza hii ndege. Mungu awaongezee."

Mektrida aliitazama mikono ile. Aliitikia kwa kichwa mpaka mzee akaenda zake.

Violet alishuka wa mwisho. Hakumkumbatia dada yake wala hakumgombeza. Alikaa kwenye nyasi chini ya bawa, akavua kofia, akawatazama mafundi wakivuta ngazi kwenye pua ya Kulwa, injini ikiwa bado ya moto. Hosea alifungua mwenyewe. Bolti ya kwanza ilitoka imenyooka. Ya pili ilitoka na kiuno. Alipoweka spana kwenye iliyofuata hata hakuvuta; aliigusa tu, na kichwa cha bolti kikamdondokea kiganjani, safi, kama jino la mtoto lililokuwa linangoja tu kuguswa. Mwili wake ulibaki ndani.

Walimaliza kuzifungua zote. Ile iliyokatika ilikuwa imekatika, jirani yake ilikuwa na ufa wa kuzunguka nusu, na nyingine zote, zenye viuno na zisizo na viuno, zilikuwa zimeubeba mzigo wa hizo mbili kutoka juu ya mawingu mpaka kwenye nyasi. Aliyechora aliweka bolti zaidi ya zilizohitajika. Mektrida alikaa chini kwenye saruji ya karakana akalia kwa sauti, mwanamke mzima na ovaroli lake, na Hosea akatazama pembeni kwa heshima.

Violet alikuja akakichukua kile kichwa cha bolti. Alikigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu, kisha akakitia mfukoni na kuondoka kwenda nyumbani.

Kulwa na Doto walikaa chini, hawakuruhusiwa kuruka. Wakaguzi walikuja kutoka Dar, watu wa kuuliza swali moja kwa njia tatu. Mektrida na Hosea walieleza wote wawili, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyejificha nyuma ya mwenzake. Mektrida alitolewa kwenye zana kwa muda, akarudishwa darasani kwenye somo la siku za kwanza akiwa amekaa na vijana waliomwita mama, na alipomaliza aliruhusiwa kurudi kwa sharti kwamba hatakaza kitu bila mtu kusimama naye. Alilikubali sharti hilo kwa shukrani. Usiku alikuwa anafunga mkono wa kulia kwa kitenge kabla ya kulala, na hakumwambia mtu.

Kulwa akaletewa bolti mpya. Siku ya kuzifunga kulikuwa na ukungu tena, na mlango wa karakana ulikuwa wazi kwenye weupe mtupu. Hosea akaitega spana, akaikagua, akampa. Violet alikuja bila kuitwa. Tangu siku ile hakuwa amepaa, na yeye na dada yake walikuwa wameongea mambo ya chakula na ya mama tu. Alisimama nyuma ya ngazi, mikono mfukoni.

Mektrida alikaza. Aliusikiliza mkono wake kuliko spana. Tik. Mkono ukasimama, na hapo hapo ukaanza kutetemeka, unataka, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizini.

"Dada," Violet alisema kwa sauti ya chini. "Ongeza kidogo."

Mektrida alidhani anatania. Aligeuka kumtazama. Violet hakuwa anatania. Alijua yote, alifundishwa hayo chuoni, alikuwa amekishika kile kichwa cha bolti kwa mkono wake mwenyewe. Lakini alikuwa anaogopa, na kesho alitakiwa kupaa, na aliyeshika spana alikuwa dada yake.

"Kidogo tu," alisema. "Kwa ajili yangu."

Hosea alibaki pale pale kando ya ngazi. Mektrida alimtazama mtoto huyu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima chochote, si kipande chake cha nyama, si blanketi, si mgongo.

"Hapana," Mektrida alisema.

Violet alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa kwao. Machozi yalimtoka, na Mektrida naye alikuwa analia, lakini aliondoa mkono kwenye spana, akaushika kwa mkono mwingine mpaka ukatulia, kisha akaenda kwenye bolti ya pili.